Gari la Kifahari la Michezo Lenye Hati ya Salveji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangazo huwa la namna moja. Ferrari au Lamborghini, maili chache, rangi inang'aa, na bei iko chini kiasi kwamba moyo unaanza kupiga hesabu kabla ya kichwa. Kisha chini kabisa, baada ya picha ya mwisho, kuna neno moja: salveji. Nimekagua magari ya namna hii kwa ajili ya watu wengine kwa miaka kadhaa, na maswali wanayoniuliza yanafanana. Nayajibu hapa kwa upana, kwa kufuata utaratibu wa Marekani, kwa sababu huko ndiko hati hii ilikozaliwa na ndiko magari mengi ya aina hii yanakouzwa.

Hati ya salveji ni kitu gani hasa?

Marekani kila gari lina hati ya umiliki inayotolewa na jimbo. Gari likiumia, kampuni ya bima hupiga hesabu. Ikiona kulitengeneza hakulipi, humlipa mwenye gari thamani yake na kulichukua gari lenyewe, kisha jimbo hutoa hati mpya yenye chapa ya salveji. Kuanzia hapo gari haliruhusiwi kutembea barabarani mpaka litengenezwe na kukaguliwa.

Likishatengenezwa na kupita ukaguzi, hupewa hati ya gari lililojengwa upya. Majina hutofautiana jimbo hadi jimbo, lakini maana ni ileile: liliwahi kufutwa, yaani kuhesabiwa kwamba kulitengeneza hakulipi, na sasa linaweza kusajiliwa. Chapa hiyo hubaki maisha yote ya gari.

Ipo hati nyingine ambayo watu huichanganya na hii: cheti cha gari lisilotengenezeka, au cheti cha kuharibiwa. Gari lenye hati hiyo ni la kutolewa spea tu. Halirudi barabarani kihalali hata ulitengeneze vizuri vipi. Mnadani magari haya mawili hukaa bega kwa bega, na kwa macho hayatofautiani. Soma hati, si gari.

Kama gari lilifutwa, si maana yake liliumia vibaya?

Si lazima, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo, kwa sababu ukielewa jambo hili utaelewa mengine yote.

Kila jimbo lina kipimo chake. New York hufuta gari pale gharama ya matengenezo inapofika asilimia 75 ya thamani yake. Florida ni 80. Texas ni 100. California haitumii asilimia. Hutumia hesabu ya kujumlisha: chukua gharama ya matengenezo, ongeza pesa ambazo gari lililovunjika litaleta mnadani, na jumla ikizidi thamani ya gari kabla ya ajali, limefutwa.

Tuseme gari lina thamani ya dola 180,000. Limegonga mbele, na gereji imeandika makadirio ya dola 95,000. Huko Texas hizo ni asilimia 53 tu, kwa hiyo sheria haiilazimishi bima kulifuta. Linaweza kutengenezwa na kurudi kwa mwenyewe na hati safi. Huko California, ikiwa mnadani lingeuzwa dola 90,000 likiwa hivyo hivyo lilivyovunjika, jumla ni dola 185,000. Limefutwa.

Ajali ileile, gari lilelile, hati mbili tofauti. Na magari ya kifahari hupanda bei mnadani hata yakiwa yamevunjika, kwa sababu taa, viti, injini na giaboksi zake zina wateja. Kwa hiyo yapo magari ya salveji ambayo hayakuumia sana, na yapo magari ya hati safi yaliyowahi kukunjwa vibaya. Chapa kwenye karatasi inakuambia uamuzi wa mhasibu. Haikuambii kilichotokea kwa chuma.

Kwa hiyo nipuuze hati?

Hapana. Usipuuze hati, ila usiifanye kuwa jibu. Swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni hili: "Nionyeshe picha za gari kabla halijatengenezwa." Magari mengi ya salveji yalipita kwenye minada mikubwa kama Copart na IAA, ambayo hupiga picha kila gari pande zote. Picha hizo zilikuwepo. Anayetengeneza magari haya kwa uaminifu huzitunza, pamoja na picha za wakati wa kazi na risiti za spea, kwa sababu anajua ndizo zitakazomuuzia.

Akikuambia hana, au alipoteza simu, au "ilikuwa ajali ndogo tu ya bampa", ondoka. Sina msimamo mwingine katika hili. Gari zuri lisilo na picha za kabla, kwangu ni gari lisilouzwa.

Ninaokoa kiasi gani?

Kwa kawaida gari la hati iliyojengwa upya huuzwa kwa punguzo la asilimia 20 hadi 40 ukililinganisha na lenzake lenye hati safi. Lakini punguzo hilo ni la siku ya kununua tu. Gharama za kulitunza hazipungui hata senti. Ferrari F355 bado itataka injini ishushwe ili kubadilisha mkanda wa taimingi, iwe na hati safi au chafu. Breki za kaboni na kauri bado zitagharimu zaidi ya dola 10,000 kwa seti nzima. Ukiuza, nawe utatoa punguzo lilelile ulilopewa.

Kwa hiyo usiseme "nimeokoa dola 60,000." Umenunua kitu chenye thamani hiyo ndogo. Akiba ya kweli ipo kwa mtu mmoja tu: anayepanga kulikalia gari miaka mingi na kuliendesha, asiyejali litauzwa kwa bei gani mwishoni.

Ni uharibifu wa aina gani ninaoweza kuuvumilia?

Bora kuliko yote ni gari lililoibwa kisha likapatikana. Bima ilishamlipa mwenyewe, gari likaonekana baadaye, mara nyingine likiwa limeng'olewa magurudumu na viti tu. Hati inaweza kuwa ya salveji ingawa chesisi haijaguswa. Hakikisha tu kwamba spea zilizorudishwa zina risiti, na kwamba waya hazikukatwa ovyo wakati wa wizi.

Mvua ya mawe inafuata. Inaharibu sura, haigusi mifupa. Halafu kuna kuchanwa rangi na kuvunjwa vioo kwa makusudi.

Baada ya hapo tunaingia kwenye ajali zenyewe. Kugongwa ubavuni juujuu, mlango na fenda, kunaweza kuvumilika. Kugonga mbele kunategemea nguvu ilifika wapi: iliishia kwenye bampa na rejeta, au ilifika mahali shokomzoba inaposhikia? Kupinduka, hapana. Maji na moto vina maswali yake hapa chini, na majibu yake ni mafupi kuliko watu wanavyotaka.

Gari la mafuriko likikaushwa vizuri, tatizo liko wapi?

Liko kwenye waya. Gari la michezo la kisasa ni kompyuta nyingi zilizounganishwa na mamia ya viunganishi vidogo, na kwa kuwa gari lenyewe liko chini sana, nyingi kati ya hizo zimewekwa karibu na sakafu, chini ya viti na nyuma ya zulia. Maji ya sentimita chache juu ya kizingiti cha mlango yanatosha kuzizamisha. Maji baridi ya mto huacha matope. Maji ya bahari huacha chumvi, na chumvi haikauki ikaisha. Inaendelea kula shaba kimyakimya. Gari litawaka leo, litatembea miezi sita, kisha taa za dashibodi zitaanza kuwaka moja baada ya nyingine bila mpangilio, na fundi atakulipisha kwa saa akitafuta kiunganishi kimoja kilichogeuka kijani.

Septemba 2022, Kimbunga Ian kilipopiga Florida, McLaren P1 ya manjano ilitolewa gerejini na maji huko Naples na picha zake zikazunguka dunia nzima. Ile kila mtu anaijua. Zinazonitia wasiwasi ni zile ambazo hakuna aliyezipiga picha. Baada ya Katrina mwaka 2005, Sandy mwaka 2012 na Harvey mwaka 2017, magari mengi mno yaliyozama yalikusanywa na bima, na baadhi yalitawanyika kwenye majimbo ambayo hayajawahi kuona bahari.

Ushauri wangu: gari la maji ya bahari, usinunue kwa bei yoyote isipokuwa unataka spea za bodi.

Nitajuaje kama lilizama, ikiwa muuzaji hasemi?

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, taratibu, mpaka ukatae. Watu husafisha zulia, husafisha viti, hupulizia manukato. Mita ya mwisho ya mkanda, ile inayojikunja ndani ya nguzo, huisahau. Niliwahi kufanya hivyo kwenye gari lenye ngozi nyeupe isiyo na doa. Nusu ya kwanza ya mkanda ilikuwa nyeusi safi. Baadaye ukaanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa, na kukawa na mstari ulionyooka kabisa, kama uliochorwa kwa rula, pale maji yaliposimama. Nilipopangusa kwa kidole, ilikuwa vumbi laini la tope lililokauka. Muuzaji alikuwa amesimama pembeni yangu na hakusema neno.

Angalia pia reli za viti na bolti zake kama zina kutu, ndani ya taa za mbele kama kuna ukungu, na sehemu ya tairi la akiba au betri. Harufu kali mno ya manukato ndani ya gari ni jibu tosha.

Na moto?

Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 660 za Selsiasi, lakini ile iliyoimarishwa kwa joto kiwandani hupoteza nguvu mapema zaidi, bila kubadilika umbo. Yaani chesisi inaweza kuonekana nzima kumbe imelegea kama waya uliopashwa moto. Kaboni nayo hushikwa na gundi, na gundi haipendi joto. Achana nalo.

Mbona fundi wangu wa bodi anasema anaweza kulinyoosha?

Mwulize: kunyoosha nini? Gari limetengenezwa kwa nini?

Chuma kinajulikana. Fundi mwenye mashine nzuri anaweza kukivuta, kukikata na kukichomelea kipande kipya, na kikapimika. Porsche 911 za vizazi vya 996 na 997, kwa mfano, mifupa yake ni ya chuma kwa sehemu kubwa, na mafundi wanaoweza kuishughulikia wapo wengi. Hii ni sababu moja inayonifanya niseme kwamba kama ni lazima ununue gari la salveji, anza kuangalia huko.

Alumini ni habari nyingine. Ferrari ilianza kutumia chesisi ya alumini tupu kwenye 360 Modena mwaka 1999. Lamborghini Gallardo ya mwaka 2003 na Audi R8 ni fremu za alumini pia. Alumini ikikunjwa haikubali kurudishwa mara nyingi, hupasuka. Ukiichomelea, sehemu iliyo karibu na kichomeleo hudhoofika. Njia sahihi mara nyingi ni kuondoa kipande kizima na kuweka kingine kwa riveti na gundi maalumu, gari likiwa limefungwa kwenye benchi ya vipimo. Tena kazi hiyo hufanyiwa chumba tofauti na cha chuma, kwa vifaa tofauti, kwa sababu chembe za chuma zikikwama kwenye alumini huanzisha kutu. Gereji yenye chumba hicho itakuonyesha kwa fahari. Isiyo nacho itaanza kukueleza kwa nini hakihitajiki.

Lotus Elise, tangu ilipotoka mwaka 1996, chesisi yake ni vipande vya alumini vilivyoshikanishwa kwa gundi. Ikipinda, haichomelewi, hubadilishwa.

Kaboni ndiyo ngumu kuliko zote kwa mnunuzi. McLaren MP4-12C ya mwaka 2011 ina beseni la kaboni la kilo 75 tu ambamo dereva na abiria huketi; mbele na nyuma yake kuna fremu za alumini za kubeba mgongano. Ikiwa ajali iliishia kwenye fremu hizo, gari linaweza kutengenezeka vizuri sana. Ikiwa nguvu ilifika kwenye beseni, nyufa zinaweza kujificha kati ya tabaka na tabaka, rangi ya juu ikiwa nzima. Zinatafutwa kwa vipimo vya sauti, si kwa macho. Lamborghini ilipotoa Aventador iliunda kikosi cha mafundi wa kaboni wanaosafiri hadi gari liliko, na hilo peke yake linakuonyesha kwamba kazi hii si ya gereji ya mtaani.

Nikague nini mimi mwenyewe kabla ya kumlipa mtaalamu?

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Chuchumaa kwenye kona ya mbele na uangalie ubavu mzima kwa mshazari. Mwanga ukitetemeka kwenye mlango, chini kuna puti, ule udongo wa kujazia mikunjo kabla ya kupaka rangi. Pima kwa jicho nafasi kati ya boneti na fenda, kushoto kisha kulia. Angalia vichwa vya bolti za fenda, boneti na milango. Bolti ambayo haijaguswa ina rangi ya kiwandani isiyokatika. Iliyofunguliwa kwa spana ina kona zilizokwaruzika, na iliyobadilishwa inang'aa kuliko jirani zake.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kizuri, ila kielewe. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 150. Ukikuta 300, sehemu hiyo imepakwa upya. Ukikuta zaidi ya 1,000, umeshafika kwenye puti. Lakini vipimo vya bei rahisi husoma chuma tu. Kwenye alumini unahitaji kinachosoma metali zote, na kwenye paneli za kaboni au plastiki vyote viwili havisemi kitu. Nimeona mtu akizunguka gari lenye paneli za kaboni, anapata sifuri kila mahali, anafurahi. Hakuwa amepima chochote.

Kisha washa gari na uitazame taa ya mifuko ya hewa. Inatakiwa kuwaka sekunde chache halafu izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. *Isipowaka kabisa*, kuna aliyeizima ili usijue, na hilo ni baya zaidi.

Mifuko ya hewa ilifyatuka. Imebadilishwa. Inatosha?

Uliza risiti. Mfuko wa hewa ukifyatuka, mara nyingi mikanda ya viti nayo hujikaza kwa baruti yake na haifai tena, na kompyuta inayosimamia mfumo huo huhifadhi kumbukumbu ya ajali. Vyote hivyo hubadilishwa au kushughulikiwa pamoja. Anayebana matumizi hununua kifuniko kipya cha usukani, anaweka kizuizi cha umeme ili taa isiwake, na nyuma ya kifuniko hakuna kitu. Fundi mwenye mashine ya kusoma mifumo yote, si ile ndogo ya kusoma injini peke yake, ataliona hili kwa dakika chache. Hapa sizungumzii pesa zako tena. Nazungumzia uso wako.

Muuzaji anasema gari limepita ukaguzi wa jimbo.

Huenda anasema kweli. Lakini katika majimbo mengi lengo kubwa la ukaguzi huo ni kuzuia spea za wizi: wanalinganisha namba ya chesisi, wanaangalia risiti za vipande vilivyowekwa, wanathibitisha taa na breki zipo. Hakuna anayelifunga gari kwenye benchi na kupima kama chesisi imenyooka. Kupita ukaguzi wa jimbo ni ruhusa ya kusajiliwa, basi.

Ripoti ya historia ya gari haitoshi?

Inasaidia, lakini ina mashimo mawili.

La kwanza: ripoti hujua kile tu kilichoripotiwa. Mwenye gari la kifahari akigonga ukuta na kulipa mwenyewe kwa pesa taslimu ili asiharibu historia ya gari, hakuna daftari litakalojua.

La pili ni kufua hati. Gari lenye chapa husajiliwa jimbo jingine ambalo halikuiona au halitambui chapa hiyo, na hati mpya hutoka ikiwa safi. Kuzuia mchezo huo, sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ya kupambana na wizi wa magari ilianzisha mfumo wa taifa wa taarifa za hati za magari, unaojulikana kwa kifupi NMVTIS, na tangu mwaka 2009 kampuni za bima na wauza vyuma chakavu wanalazimika kupeleka taarifa humo. Chukua ripoti ya mfumo huo na ripoti ya kampuni binafsi, uziweke pamoja. Pale zinapotofautiana ndipo penye swali la kuuliza. Kisha tafuta namba ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17, mtandaoni. Picha za mnada mara nyingi bado zipo.

Nitapata bima?

Bima ya kulipia madhara kwa wengine, kwa kawaida ndiyo. Bima ya gari lako mwenyewe ni shida: kampuni nyingi hukataa, na nyingine hukubali lakini zikifika kwenye kulipa hutumia thamani iliyopunguzwa. Piga simu *kabla* ya kutoa amana, wape namba ya chesisi, waambie wazi kwamba hati ina chapa, na uombe jibu kwa maandishi. Nimeona watu waliofanya mambo haya kinyume, wamenunua kwanza, wakabaki na gari la dola 90,000 wanaloogopa kuliegesha sokoni.

Na mkopo?

Benki nyingi hazikopeshi kwa gari la hati ya namna hii. Jipange kulipa taslimu.

Kampuni iliyolitengeneza itanihudumia?

Dhamana ya kiwandani huwa imekufa. Kampuni nyingi huifuta mara gari linapotangazwa limefutwa. Huduma za kawaida za kulipia, wakala wengine watakufanyia, wengine hawatataka kuligusa. Tena usifikiri wakala akikataa anakudharau. Akiweka mkono wake, ajali ya kesho inaweza kuwa kesi yake. Ila kuna jambo moja ambalo ni haki yako kuuliza: matangazo ya urejeshaji wa usalama. Mwaka 2010, kwa mfano, Ferrari iliyaita magari ya 458 Italia kwa sababu gundi ya kinga ya joto kwenye matao ya magurudumu ingeweza kushika moto, na ikabadilisha kwa vifungo vya chuma. Gari lililokuwa likikaa kwenye viwanja vya minada linaweza kuwa lilikosa kazi kama hiyo.

Afadhali ninunue lililovunjika nilitengeneze mwenyewe?

Kama una mikono, muda, mahali pa kulilaza, na fundi wa chesisi anayekubali kazi kabla hujanunua, hii ndiyo njia ya uaminifu kuliko zote, kwa sababu unauona ugonjwa kabla ya dawa. Lakini ongeza ada za mnada, usafiri, na ukaguzi. Ongeza kusubiri spea miezi. Na picha za mnada hazionyeshi chini ya gari. Lipa mtu aende akalale chini yake kwa tochi. Makadirio yako ya kwanza ya matengenezo yaongeze nusu yake tena, halafu uangalie kama hesabu bado inasimama.

Ukaguzi wa kitaalamu uwe na nini ndani yake?

Lipandishwe kwenye lifti na sakafu zake za plastiki zifunguliwe. Vipimo vya chesisi vilinganishwe na vya kiwandani. Kompyuta zote zisomwe. Na alaimenti ya magurudumu manne, karatasi yake ukabidhiwe mkononi. Karatasi hiyo naipenda sana kwa sababu haidanganyi: baadhi ya pembe za gurudumu hurekebishwa kwa bolti, nyingine hazina marekebisho au zina kidogo mno. Gurudumu la kushoto likitofautiana na la kulia kwenye pembe zisizorekebishika, kuna kitu kimepinda, hata gari liwe linakwenda moja kwa moja barabarani. Muuzaji anayekataa ukaguzi huu amekujibu tayari.

Nikitaka kuliuza baadaye?

Utauza polepole. Tunza kila risiti na kila picha kwenye faili moja kuanzia siku ya kwanza, na uandike hati ni ya aina gani kwenye mstari wa kwanza wa tangazo, si wa mwisho.

Nje ya Marekani ikoje?

Uingereza hutumia herufi. Tangu Oktoba 2017, A ni la kusagwa lote, B bodi isagwe na spea zitumike, S liliumia kwenye muundo lakini linatengenezeka, N halikuumia kwenye muundo. Kwa maoni yangu mfumo huu unamsaidia mnunuzi zaidi, kwa kuwa S na N zinajibu lile swali ambalo hati ya Marekani hulikwepa. Ikiwa unataka kulitoa gari nchi moja kwenda nyingine, uliza mamlaka ya usajili ya nchi linakokwenda kama inakubali hati yenye chapa, kabla ya kulipia meli.

Nataka la kukimbizia uwanjani tu, si barabarani. Hati ina maana?

Hati haina maana sana hapo. Chesisi ina maana mara mbili. Uwanjani utalisukuma gari kwenye kona kwa nguvu ambazo barabarani hutazifikia, na kila kiungo kilichoshikanishwa upya kitapimwa mzunguko hadi mzunguko. Gari la hati iliyojengwa upya lenye vipimo vilivyonyooka, mifuko ya hewa inayofanya kazi na picha za kabla ni chaguo zuri kwa kazi hiyo, pengine zuri kuliko la hati safi ambalo utaogopa kulitumia. Anza na mizunguko michache ya taratibu, rudi, lipandishe kwenye lifti, na uangalie riveti na maungio ya gundi kama kuna mstari wowote uliofunguka kwenye rangi.